Ramani ikiwa na ukungu, tafuta kwanza ukungu umeingilia wapi

Wadau mnaoendesha seva za ramani lazima mmeshapata huu ujumbe: "ramani yenu haionekani vizuri". Basi, umeishia hapo. Na kwa muda ambao nimefanya hii kazi nimeona hiyo sentensi moja inabeba magonjwa mengi, kuna anayemaanisha picha ina ukungu, mwingine kingo za mapaa zimekuwa ngazi ngazi, mwingine ameona madoa meusi pembeni ya mto, mwingine jina la mtaa wake limekatwa nusu, na wote wanaandika maneno yaleyale. Ukikimbilia kubadilisha settingi kabla hujajua ni ugonjwa gani utazunguka sana, maana settingi inayotibu huu inaweza kuuzidisha ule.

Kazi yenyewe ilikuwa ramani ya mafuriko Dar es Salaam. Tangu mradi wa Ramani Huria uanze 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakapita mitaani na wakazi wakichora nyumba, mitaro na vichochoro kwenye OpenStreetMap, ramani huru ambayo yeyote anaweza kuichora, na droni zikarushwa juu ya kata zinazojaa maji, kwa hiyo jiji hili limepata data ambayo miji mingi haina. Sisi tulikuwa na seva ya MapServer, programu inayochora ramani na kuzitoa kwenye wavuti, chini imelala picha ya droni, pikseli moja kama sentimita saba hivi ardhini, juu yake mistari ya mitaro, mito, mipaka ya mitaa na majina. Wanaoitumia ni watendaji wa kata, wenyeviti wa serikali za mitaa, wahandisi, wanafunzi, na wengi wako kwenye simu na bando lao wenyewe.

Sasa kwa nini nalipigia hili jambo kelele. Ukiwa zumu ya 18 kwenye ramani za mtandaoni (namba ikipanda umesogea karibu), pikseli moja ni karibu sentimita 60 ardhini. Mtaro wa Tandale au Kigogo wenye upana wa mita moja na kidogo unakuwa pikseli mbili. Mbili tu jamani. Ukungu kidogo tu, unaoweza kudhani ni wa urembo, na mtaro umekwenda, umemezwa na mabati ya pande zote mbili. Kuna siku tulikuwa tunapitia ramani na wakazi, mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, huu mtaro wa nyuma ya kwangu mbona haupo?" Nikamwambia upo mama, ila hauonekani vizuri kwenye hii picha. Akasema, "Sasa mwanangu, huyo atakayekuja kupanga kuzibua mitaro kwa kuangalia hapo si ataona haupo?" Sikuwa na jibu la kumpinga, na kuanzia hapo suala la ubora wa picha sijaliona tena kama mapambo.

Haya, tuanze na ushahidi wenyewe. Malalamiko yanakuja kwa WhatsApp, mtu anapiga skrinishoti anatuma, na WhatsApp inaibana picha kabla haijakufikia, kwa hiyo unachokiangalia kina ukungu wa ramani jumlisha ukungu wa WhatsApp na huwezi kuvitenganisha. Mi siku hizi namjibu mtu kwa heshima, kaka naomba unitumie kama dokumenti sio kama picha, alafu niambie simu gani, brauza gani, na ulikuwa umesogea karibu kiasi gani. Hayo majibu peke yake yanapunguza kazi sana. Bora zaidi akinitumia linki ya mahali alipokuwa, ili mimi mwenyewe nifungue palepale.

Alafu hatua ambayo ningemwomba kila anayeanza hii kazi aishike kuliko zote: toka kwenye ramani. Usiendelee kuikodolea macho ramani nzima kwenye brauza. Ramani unayoiona ni vipande vingi vya pikseli 256 kwa 256, tunaviita taili, vimepangwa pembeni kwa pembeni. Fungua vifaa vya developa vya brauza, nenda sehemu ya mtandao, chukua anwani ya taili moja inayolalamikiwa, ifungue peke yake, isevu kwenye mashine, iangalie kwa asilimia 100 kwenye programu ya picha. Kama ile taili ni safi, achana na seva kabisa, tatizo liko kwenye kifaa au brauza. Kama taili ni chafu, omba eneo lilelile moja kwa moja kutoka MapServer bila kupitia keshi, yaani ghala la taili zilizochorwa tayari. Kama ni safi huku na chafu kule, keshi ndo mwenye kesi. Kama bado ni chafu, ingia kwenye seva uchore bila wavuti kabisa, kwa `map2img` (kwenye matoleo kabla ya 8 inaitwa `shp2img`). Na mwisho kata eneo hilohilo kutoka faili halisi kwa `gdal_translate -projwin` (kifaa cha GDAL, programu za kushughulikia picha za ramani) uone picha yenyewe ilivyo kabla mtu yeyote hajaigusa. Hapo umeshajua uchafu umeingilia mlango upi, na mpaka hapo hujabadilisha settingi hata moja.

Niseme na hili mapema maana linaumiza wengi: kuna ukungu uliozaliwa hewani. Droni ikirushwa upepo mkali, au picha zikipishana kidogo mno, programu inayoziunganisha inabahatisha, unakuta kona ya nyumba imeyeyuka, paa limepinda, nguzo ya umeme iko vipande viwili. Ukilikata faili halisi ukakuta hivyo, hakuna settingi ya seva itakayorudisha ukuta mahali pake, ongea na waliorusha. Nimeona watu wanahangaika na faili la konfigi wiki nzima kwa tatizo ambalo liko kwenye picha mama.

Turudi kwenye brauza sasa. Malalamiko ya ukungu kwenye simu yalikuwa mengi na taili zikisevuliwa ni safi kabisa. Sababu ni kwamba skrini za simu nyingi za sasa zina pikseli nyingi kuliko ukurasa unavyojua, pale ukurasa unapodhani kuna pikseli moja skrini ina mbili au tatu kila upande, kwa hiyo brauza inachukua taili yako ya 256 inaivuta mpaka 512 au zaidi. Lazima ilainike. Na sio simu tu, laptopu ya Windows ikiwekwa asilimia 125 au 150 inafanya vilevile, mwenzangu mmoja ofisini alikuwa anaona majina yametota na mimi nimekaa pembeni yake naona makali, ramani ileile, mtandao uleule. Kuna na hili la zumu za nusu nusu: OpenLayers, maktaba ya kuonyesha ramani kwenye brauza, kuanzia toleo la 6 inaruhusu usimame katikati ya zumu mbili, tuseme 17.4, na hapo taili za 17 zinavutwa. Ukiweka `constrainResolution: true` kwenye view ramani inasimama kwenye zumu kamili na makali yanarudi. Leaflet, maktaba nyingine ya namna hiyo, yenyewe kwa kawaida inasimama kwenye zumu kamili, ukiibadilisha ikubali nusu unaanza kuona na vimistari vyeupe katikati ya taili.

Dawa ya skrini zenye pikseli nyingi ni kutoa taili ya 512 kwa eneo lilelile la 256. Lakini angalia hapa, ukiiomba MapServer picha kubwa mara mbili bila kuiambia kitu kingine itakuchorea mistari na herufi kwa ukubwa uleule wa pikseli, zikifika kwenye simu zinakuwa nusu, majina hayasomeki hata kwa miwani. Inabidi na `MAP_RESOLUTION` upandishe mara mbili, kama msingi wako ni 72 unaomba 144, ndo herufi na unene wa mistari unakua sambamba. Kwa GeoServer, seva nyingine ya ramani, ni `format_options=dpi:180`, maana wao msingi wao ni 90 hivi, inatokana na WMS, kanuni ya kuomba picha za ramani kwenye seva, kuhesabu pikseli moja kuwa milimita 0.28.

Je uwape watu wote taili kubwa? Mi nilikataa. Pikseli mara nne maana yake bando linaliwa zaidi, na anayelipa bando ni mwenyekiti wa mtaa, sio mimi. Tulichofanya ni kugawa, leya (tabaka) ya mistari na majina ikawa ya 512 kwa simu, maana herufi ndo zinaumia kuliko vyote na PNG ya mistari mitupu ni nyepesi, ila picha ya droni ikabaki 256. Mtu akitaka kuona zaidi anasogea karibu. Bado naamini ule ulikuwa uamuzi sahihi kwa watu tunaowahudumia, japo kwa demo ya ofisini yenye fiba ungeona picha ya 512 ni nzuri zaidi.

Na huko kugawa leya ndo kulitibu ugonjwa mwingine ambao kwa kweli ulikuwa mkubwa zaidi. Mwanzoni seva ilikuwa inachora kila kitu pamoja, picha na mistari na majina, inatoa JPEG moja. JPEG inagawa picha kwenye viboksi vya pikseli 8 kwa 8 na inatupa kile inachodhani jicho halitaona, alafu kwa kawaida rangi inazihifadhi kwa nusu ya pikseli kila upande, mwanga ndo unabaki kamili. Kwenye paa la bati na majani ya mwembe hiyo hasara huioni. Weka sasa mstari mwekundu mwembamba wa mpaka wa mtaa juu ya hilo paa: wekundu unasambaa pembeni kama umelowa, na kuzunguka kila herufi kuna vumbi vumbi. Nyekundu ndo inaumia sana kwa sababu tofauti yake na kilichoizunguka iko kwenye rangi kuliko kwenye mwanga. MapServer ukiiacha inatoa JPEG ya ubora wa 75, unaweza kupandisha kwa `FORMATOPTION "QUALITY=90"` na itapungua, lakini haiondoki na uzito unapanda.

Kuna fundi alishauri basi tutoe PNG ya rangi 256 ili iwe nyepesi. Kwa picha ya droni hapana. Picha ya Dar ina mabati mapya, mabati yenye kutu ya kila rangi, udongo mwekundu, maji ya tope, kijani cha kila aina, ukiibana kwenye rangi 256 kutu inakuwa mabaka mabaka na maji yanapata mistari kama mawimbi ambayo hayapo. Mtu anayetafuta alama ya maji yalipofika ataiona alama feki. PNG kamili isiyopoteza kitu nayo ni nzito mno kwa picha. Kwa hiyo: picha peke yake JPEG ubora 80 hadi 85, mistari na majina peke yake PNG yenye uwazi nyuma, brauza iziweke moja juu ya nyingine. Siku tulipogawa, mipaka ilikata kama wembe na malalamiko ya "maandishi yamechafuka" yakaisha.

Ila kwa PNG ya mistari kuna kitu kidogo. Ukitaka ipungue uzito MapServer ina `QUANTIZE_FORCE=ON`, inachagua rangi 256 zinazofaa, lakini inazichagua kwa kila picha kivyake. Taili hii ina mto mwingi inachagua bluu nyingi, jirani yake ina barabara nyingi inachagua njano, na pale zinapokutana unaona rangi ya eneo la hatari imebadilika kidogo katikati ya mtaa bila sababu. Kwa ramani ya mafuriko rangi ni taarifa, mtu anaweza kusema upande huu hatari ni ndogo kuliko ule. Tuliandaa faili la rangi zetu wenyewe tukalazimisha litumike na `PALETTE_FORCE=ON`, kila taili rangi zilezile.

Sasa nije kwenye ngazi ngazi, na hii ningependa watu waisome taratibu. Ukiwa karibu kabisa, zumu ya 21, picha yetu ilikuwa nzuri sana. Ukirudi nyuma zumu ya 18, 17, kingo za mapaa zinakuwa misumeno, barabara za lami zinakatika katika, mitaro inageuka nukta nukta. Ukiacha MapServer bila maelekezo, kila pikseli ya skrini inachukua pikseli moja tu iliyo karibu kwenye faili na zingine zote inaziruka. Ukiwa na pikseli za sentimita 7 na unaonyesha za sentimita 60, umeruka nyingi mno, mtaro unapatikana au haupatikani kwa bahati. Kwa hiyo kwenye leya unaweka `PROCESSING "RESAMPLE=AVERAGE"`, ichukue wastani wa zote zilizoangukia pale, au `BILINEAR` kwa zumu za karibu ambako picha inakuzwa.

Tukaweka. Zumu ya 20 ikapona. Ya 18 haikubadilika hata kidogo.

Hapo ndo wengi wanakata tamaa wanasema settingi haifanyi kazi. Inafanya. Tatizo ni kwamba faili kubwa la namna hii huwa linabeba ndani yake nakala ndogo ndogo zilizoandaliwa, nusu, robo, moja ya nane, kuendelea, ili seva isisome faili zima kila mtu akiangalia kwa mbali. Nakala hizo zinatengenezwa na `gdaladdo`, na `gdaladdo` usipoiambia kitu nayo inaruka pikseli vilevile. Ngazi zilikuwa zimeshachongwa ndani ya nakala. Seva inachukua nakala yenye ngazi, inaipigia wastani mzuri kabisa, inakupa wastani wa ngazi. Namna ya kulijua ni hii hapa: pita zumu moja moja kutoka karibu kwenda mbali, uangalie ubora unaporomoka ghafla wapi. Ukiporomoka pale tu faili linapohamia nakala ya kwanza, umempata. Tukafuta kwa `gdaladdo -clean` (kama nakala ziko kwenye faili la pembeni lenye .ovr hakikisha nalo limeondoka), tukaandaa upya kwa `gdaladdo -r average 2 4 8 16 32 64`. Mitaro ikarudi. Kwa zumu ya 18 ilikuwa kama mstari mwembamba wa kijivu, lakini ni mstari unaoendelea, unaweza kuufuata kwa kidole kutoka barabarani mpaka mtoni.

Lakini naomba usiubebe huo wastani ukaupaka kila mahali. Tulikuwa na leya nyingine, rasta (ramani ya pikseli) ya viwango vya hatari, 1 ni ndogo, 2 ya kati, 3 kubwa. Hizo namba ni majina tu ya makundi. Ukipiga wastani, pale 1 inapopakana na 3 unapata 2, yaani unachora ukanda wa hatari ya kati ambao haupo popote ardhini, na unaonekana mzuri, laini, wa kuaminika, na ni uongo. Nyumba ya mtu inaweza kuangukia kwenye huo ukanda. Kwa rasta za makundi tumia ileile ya kuchukua pikseli iliyo karibu, na nakala ndogo ziandae kwa `-r mode`, inachukua kundi lililo wengi. Ngazi zitaonekana, ziache zionekane. Hapa sikubaliani kabisa na wanaosema ramani ipendeze kwanza.

Ukungu wa kudumu, ule ambao hata taili ukiisevu upo na nakala ziko sawa, mara nyingi unatoka kwenye kubadilisha projeksheni, yaani namna ya kulaza dunia ya mviringo kwenye ramani bapa. Faili za Dar kwa kawaida zinakuja kwenye UTM zoni 37 kusini, EPSG:32737, na ramani za wavuti zinataka EPSG:3857. Kila ukihamisha, pikseli za zamani hazikai juu ya mpya, inabidi zikisiwe upya, na kila kukisia kunalainisha. Mosaiki moja (picha za droni zilizounganishwa) tuliyokabidhiwa ilikuwa imeshatoka UTM ikapelekwa kwenye digrii, ikabanwa JPEG, alafu seva nayo ikawa inaihamisha tena kwenda 3857 kila ombi likija. Ni fotokopi ya fotokopi ya fotokopi. Tukaomba faili la mwanzo kabisa, tukalihamisha mara moja tu, moja kwa moja, kwa `gdalwarp -t_srs EPSG:3857 -r cubic`, na tukaipangia ukubwa wa pikseli uleule wa zumu ya 21, mita 0.0746 na desimali zake zote, na `-tap` ili pikseli za faili zikae sawasawa juu ya pikseli za taili. Baada ya hapo seva haina cha kukisia zumu ya 21, inakata na kutoa. Tofauti ilionekana hadi kwenye waya za umeme. Kama una GDAL ya 3.1 kwenda juu kuna njia fupi, driva ya COG (GeoTIFF iliyopangwa kwa ajili ya wavuti) ukiipa `TILING_SCHEME=GoogleMapsCompatible` inapanga hivyo yenyewe, na nakala ndogo inaziandaa humohumo.

Madoa meusi sasa. Mosaiki ya droni haiwi mraba, pembeni pana weusi pasipo na picha, na kawaida unaiambia seva rangi 0 0 0 isionyeshwe, `OFFSITE`. Shida ni kama faili limepita JPEG: weusi uliokuwa sifuri kamili, karibu na ukingo unakuwa 1, 2, 3, seva inaona hiyo sio sifuri inauchora, unapata kingo chafu zenye vumbi jeusi kando ya mto, kwa mbali ukiangalia utadhani taka. Na kinyume chake, kivuli kizito ndani ya picha kikiwa sifuri kweli seva inakitoboa, unaona ramani ya chini kupitia tundu. Usipambane na namba. Tengeneza maski, yaani faili lenyewe liseme pikseli ipi ipo na ipi haipo: `gdalwarp -dstalpha` unapohamisha projeksheni, au `nearblack -setmask` kama umekabidhiwa lililoshaharibika. Na maski itangulie kabla ya kubana JPEG.

Majina kukatwa ni jambo jepesi nisilikalie. Seva inachora taili hii bila kujua jirani ana nini, jina la Magomeni likiangukia mpakani upande mmoja unaandika nusu. Iombe ichore kipande kikubwa mara moja, alafu kikatwe. MapCache, keshi ya taili ya MapServer, unaweka `<metatile>5 5</metatile>` na `<metabuffer>10</metabuffer>`, GeoServer kwa keshi yake ya GeoWebCache inakwenda 4 kwa 4, seva za taili za OpenStreetMap zenyewe zinachora 8 kwa 8. Ongeza `PARTIALS FALSE` kwenye lebo ili jina lisilotosha lisiandikwe kabisa. Hiyo bafa (metabuffer, pikseli za ziada pembeni ya kipande) inasaidia na mistari minene ambayo ilikuwa inakonda ikifika mpakani.

Baada ya marekebisho yote hayo unafungua ramani, unaona ileile ya zamani. Ni keshi, na ziko zaidi ya moja: ya seva, ya brauza yako, na pengine proksi ya ofisi katikati. Ongeza parameta yoyote ya ovyo mwisho wa anwani ya WMS, `&x=1`, ikitoka mpya ujue kazi yako iko sawa na kuna anayekupa ya jana. Usifute keshi nzima ya jiji kwa sababu ya kata moja, `mapcache_seed` inakubali `-m delete` na eneo kwa `-e`, futa pale tu, la sivyo Jumatatu asubuhi watu wote wanaisubiri seva ichore upya.

Kuna mtendaji mmoja ambaye hata baada ya keshi kufutwa aliendelea kuona picha imepondeka, wenzake kata hiyohiyo wanaona vizuri. Taili safi, seva safi, simu yake sio mbaya. Nikamuuliza mzee unatumia brauza gani, akasema Opera Mini, inamsaidia bando. Na ni kweli inasaidia, kwa sababu kurasa zinapita kwenye seva za Opera kwanza na picha zinabanwa huko kabla hazijafika kwake. Nikamwonyesha sehemu ya ubora wa picha kwenye settingi, akapandisha, akaona mtaro. Hakuacha kutumia brauza yake na wala sikumwambia aache. Tangu hapo swali la brauza nauliza mwanzo kabisa.

Kilichobaki kinanikera ni makabidhiano. Droni inarushwa kwa gharama, watu wanatembea juani kuweka alama ardhini, alafu faili linalofika mezani ni JPEG iliyobanwa na kafaili kadogo ka .jgw pembeni ka kuonyesha picha ikae wapi, halina projeksheni, halina maski, nakala ndogo zimeandaliwa kwa kuruka, na faili la mwanzo limefutwa ili kupata nafasi kwenye diski. Mtu yeyote anayelipia picha za droni kwa ajili ya ramani, iwe halmashauri, mradi au chuo, aandike kwenye mkataba kabisa: GeoTIFF isiyobanwa au iliyobanwa bila kupoteza, kwenye projeksheni yake ya mwanzo, na chaneli ya alfa (ile maski), na picha ghafi za droni zihifadhiwe mpaka ramani iwe hewani na watu wa mtaa wameikagua.